Mtakatifu Edith Stein: Mwanafalsafa wa Kijerumani Anayetufundisha Kukaa na Wafiwa



Wapendwa wasomaji, kila mwaka tarehe 9 Agosti, siku moja tu baada ya sikukuu ya wakulima ya Nane Nane, kalenda ya liturujia hutuwekea kumbukumbu ya Mtakatifu Teresa Benedikta wa Msalaba, bikira na mfiadini. Huku kwetu Gitting siku hizo akili za wengi ziko kwenye mavuno na bei ya mazao, na kumbukumbu hiyo hupita kimya. Hata mimi nilipolisikia jina lake mara ya kwanza, nikiwa mwanafunzi wa falsafa seminarini, lilitajwa katika sentensi moja tu: kwamba alikuwa msaidizi wa mwanafalsafa Edmund Husserl. Ilinichukua miaka mingi, na msiba mmoja mkubwa uliotokea chini ya Mlima Hanang, kutambua kwamba mwanamke huyu alikuwa na neno la kutuambia sisi.

Nyumba ya Kiyahudi

Edith Stein alizaliwa tarehe 12 Oktoba 1891 katika mji wa Breslau, ambao wakati ule ulikuwa wa Ujerumani na leo unaitwa Wrocław, nchini Poland. Mwaka huo huo wa 1891 serikali ya Ujerumani ilishika rasmi utawala wa nchi yetu kutoka mikononi mwa kampuni ya kikoloni. Basi alikulia katika dola ile ile iliyowatawala mababu zetu, ingawa yeye na watu wake baadaye wangeonja ukatili wa taifa hilo kwa namna yao.

Wazazi wake, Siegfried na Auguste, walikuwa Wayahudi. Edith alikuwa mtoto wao wa 11 na kitinda mimba, naye alizaliwa siku ya Yom Kippur, siku ya toba na upatanisho kwa Wayahudi. Kwa sababu hiyo mama yake alimpenda kwa namna ya pekee. Kabla hajatimiza miaka miwili baba yake alifariki ghafla, akiacha biashara ya mbao iliyolemewa na madeni. Mama mjane hakuiuza. Aliishika mwenyewe, akajifunza kupima na kununua miti msituni, akalipa madeni, akawasomesha watoto, na hakuacha kushika sala na sikukuu za dini yake. Wajane wengi wa parokia zetu wangemtambua mama huyo kama dada yao.

Edith alikuwa na akili kali tangu utotoni. Lakini alipofikia umri wa miaka 14 hivi aliacha shule kwa muda, na katika kipindi hicho akaacha pia kusali, tena kwa kuamua mwenyewe. Mama yake aliendelea kwenda sinagogi, naye binti akamsindikiza kwa heshima bila imani. Jambo hili tusilipite haraka. Mtakatifu huyu aliishi miaka mingi bila kumwamini Mungu, na wakati wote huo aliendelea kuutafuta ukweli kwa bidii. Baadaye aliikumbuka njaa hiyo ya ukweli kuwa ndiyo iliyokuwa sala yake ya miaka ile.

Mwanafunzi wa Husserl

Mwaka 1911 alianza masomo katika Chuo Kikuu cha Breslau, akisoma saikolojia, historia na lugha ya Kijerumani. Saikolojia ya wakati ule haikumridhisha, kwa kuwa aliona imeshindwa kueleza kwanza nini maana ya nafsi. Ndipo alipokutana na maandishi ya Husserl, na mwaka 1913 akahamia Göttingen ili asome chini yake.

Husserl alikuwa mwanzilishi wa njia ya kifalsafa iitwayo fenomenolojia. Kwa maneno mepesi, njia hiyo inamtaka mtu arudi kwenye mambo yenyewe jinsi yanavyojionyesha, aweke kando mazoea na nadharia zilizokwisha kutengenezwa, na aangalie kwa uaminifu kile kinachoonekana mbele yake. Kwa Edith, nidhamu hiyo ilikuwa shule ya unyofu. Kati ya wanafunzi wa Husserl wengi baadaye walivutwa na imani ya Kikristo, pengine kwa sababu mtu aliyejizoeza kutazama bila chuki wala upendeleo hawezi kuidharau imani kabla ya kuichunguza.

Vita Kuu ya Kwanza ilipolipuka mwaka 1914, vita ambavyo moto wake ulifika hadi ardhi yetu na kuwapokonya wazee wetu mifugo, chakula na vijana, Edith alijitolea. Mwaka 1915 alihudumu kama muuguzi wa Msalaba Mwekundu katika hospitali ya magonjwa ya kuambukiza huko Moravia. Aliwauguza askari wa mataifa mbalimbali, wengine ambao hakuielewa lugha yao hata kidogo. Pale, kando ya kitanda cha mgonjwa asiyeweza kujieleza, swali la masomo yake lilipata mwili na sura.

Swali la tasnifu yake

Swali lenyewe lilikuwa hili: inawezekanaje mimi kuujua uchungu wa mtu mwingine? Wahenga wetu wanasema kwamba adhabu ya kaburi aijuaye maiti, na kwamba uchungu wa mwana aujuaye ni mzazi. Methali hizo ni za kweli. Lakini ikiwa ni kweli tupu, basi kila mtu amefungiwa ndani ya ngozi yake, na neno pole tunalopeana kila siku halina kitu ndani yake.

Tasnifu ya Edith, aliyoitetea kule Freiburg mnamo Agosti 1916 na kupata daraja la juu kabisa la heshima, ilishughulika na jambo hilo. Alionyesha kwamba tunapomwona mfiwa hatupigi hesabu kama fundi anayesoma kipimo, eti machozi haya yana maana ya huzuni. Huzuni yenyewe inatujia usoni pake, tunaiona. Hata hivyo haigeuki kuwa huzuni yetu. Inabaki yake. Edith alieleza hatua tatu. Kwanza, uchungu wa mwenzangu unajitokeza mbele yangu. Pili, nikikubali kuvutwa, nasimama karibu naye na kuanza kuutazama upande ule anaoutazama yeye: kitanda kitupu, jembe lisilo na mwenyewe, kiti cha baba. Tatu, narudi mahali pangu, nikiwa sasa namwelewa zaidi.

Aliongeza onyo ambalo kila padri, kila katekista na kila kiongozi wa Jumuiya Ndogo Ndogo za Kikristo angefaa kulishika. Tunaweza kukosea katika kumwelewa mwingine, na kosa la kawaida ni kujifanya sisi wenyewe kuwa kipimo. Nikidhani kila mtu anaumia kama ninavyoumia mimi, simwoni tena yeye, naiona picha yangu tu. Lakini nikikubali kusahihishwa na mwenzangu, napata faida mbili: namjua yeye, na kwa macho yake naanza kujijua mimi.

Baada ya shahada yake akawa msaidizi wa Husserl kwa takriban miaka miwili. Kazi yake ilikuwa kupanga na kuandaa rundo la maandishi ya mwalimu, yaliyoandikwa kwa hati ya mkato. Sehemu ya kazi hiyo, mihadhara juu ya ufahamu wa wakati, ilichapishwa mwaka 1928 ikiwa na jina la Martin Heidegger kama mhariri, huku jasho la Edith likitajwa kwa shida. Naye alipoomba nafasi ya kufundisha chuo kikuu alikataliwa, kwani alikuwa mwanamke. Hakunyamaza. Alipeleka malalamiko yake wizarani, na mwaka 1920 ikatoka kauli rasmi kwamba kuwa mwanamke kusiwe kizuizi cha kupata nafasi hiyo. Yeye mwenyewe hakufaidika, bali waliokuja nyuma yake.

Njia ya kuingia Kanisani

Hakuna hoja moja iliyomleta Edith kwa Kristo. Yalikuwa mambo madogo madogo yaliyojikusanya. Siku moja, akiwa mtalii katika kanisa kuu la Frankfurt, alimwona mama mmoja akiingia na kapu lake la sokoni, akapiga magoti kidogo, akasali, kisha akaenda zake. Katika sinagogi na katika makanisa ya Kiprotestanti aliyoyajua, watu waliingia wakati wa ibada. Huyu aliingia katikati ya shughuli zake kana kwamba anamtembelea mtu anayefahamiana naye. Edith hakulisahau jambo hilo. Akina mama wanaopitia kanisani wakitoka mnadani hawajui ni nani anayewatazama.

Mnamo Novemba 1917 mwalimu wake mpendwa Adolf Reinach aliuawa vitani. Edith alipokwenda kumfariji mjane, Anna, aliogopa kukutana na mwanamke aliyevunjika. Alimkuta analia, lakini ameshikiliwa na tumaini katika msalaba wa Kristo. Aliyekuwa ameandika tasnifu nzima juu ya kuuona moyo wa mwingine aliona katika moyo wa rafiki yake kitu ambacho falsafa yake haikuwa bado na jina lake.

Katika kiangazi cha mwaka 1921, akiwa mgeni wa marafiki huko Bergzabern, alisoma maisha ya Mtakatifu Teresa wa Avila aliyoyaandika mwenyewe. Alipomaliza alijua kwamba utafutaji wake umefika. Alibatizwa tarehe 1 Januari 1922, na kupokea Kipaimara tarehe 2 Februari mwaka huo huo kule Speyer. Kisha akaenda nyumbani kumweleza mama yake, akipiga magoti. Yule mama shupavu, ambaye watoto hawakuzoea kumwona akilia, alilia. Edith aliendelea kumsindikiza sinagogi kila alipokuwa likizo, akisali Zaburi zile zile pamoja naye.

Mwalimu na mlango uliofungwa

Kuanzia mwaka 1923 hadi 1931 alifundisha katika shule ya masista Wadominikani huko Speyer. Aliishi maisha ya kawaida sana, na katika muda wake alitafsiri maandishi ya Mtakatifu Yohane Henry Newman na ya Mtakatifu Thoma wa Akwino juu ya ukweli. Alijaribu kuwakutanisha Thoma na Husserl, kazi ambayo kila mwanafunzi wa seminari kuu anaifaidi hata asipojua, kwani aliwafungulia njia wale waliotaka kuunganisha urithi wa zamani wa Kanisa na maswali ya nyakati zetu. Alitoa pia mihadhara mingi juu ya elimu na wito wa mwanamke, akisisitiza kwamba msichana alelewe kuwa mtu kamili, mwenye akili iliyofunzwa na uwezo wa kufanya kazi yoyote ya taifa.

Mwaka 1932 alipata nafasi ya kufundisha katika taasisi ya ualimu ya Kikatoliki mjini Münster. Lakini mwanzoni mwa mwaka 1933 Hitler alishika madaraka, na baada ya miezi michache sheria za ubaguzi zikamwondoa kazini kwa sababu ya damu yake ya Kiyahudi. Mwezi Aprili aliandika barua kwa Baba Mtakatifu Pio XI, akimsihi Kanisa lipaze sauti dhidi ya chuki hiyo kabla haijawageukia pia Wakatoliki. Barua hiyo iliwekwa wazi kwa wote mwaka 2003, na hakuna padri anayeweza kuisoma bila kujiuliza ni mara ngapi amechelewa kusema.

Msalaba wa Karmeli

Tarehe 14 Oktoba 1933, akiwa na miaka 42, aliingia monasteri ya Wakarmeli wa Köln. Alipovikwa mavazi ya shirika mwaka uliofuata alichukua jina la Teresa Benedikta wa Msalaba. Mtu aliyezoea vitabu na mihadhara alijifunza kufagia na kushona, tena hakuwa hodari katika kazi hizo. Mama yake hakuweza kuukubali uamuzi huo, na kwa muda mrefu hakujibu barua za binti yake. Alifariki tarehe 14 Septemba 1936, sikukuu ya Kutukuka kwa Msalaba, siku ambayo binti yake alikuwa akirudia nadhiri zake.

Wakubwa wake walimruhusu aendelee kuandika. Kitabu chake kikubwa juu ya uwepo wenye ukomo na uwepo wa milele hakikuweza kuchapwa Ujerumani, kwa kuwa mwandishi alikuwa Myahudi. Kilitoka mwaka 1950, yeye akiwa ameshakufa.

Baada ya usiku wa Novemba 1938, masinagogi yalipochomwa moto kote Ujerumani, alihamishiwa monasteri ya Echt nchini Uholanzi ili asiwaletee hatari watawa wenzake. Dada yake Rosa, aliyebatizwa baada ya kifo cha mama yao, alimfuata huko. Lakini mwaka 1940 majeshi ya Hitler yaliivamia Uholanzi nayo.

Agosti 1942

Wayahudi wa Uholanzi walipoanza kusafirishwa kwenda kambi za mauti, viongozi wa Makanisa walipinga. Watawala walidokeza kwamba Wayahudi waliobatizwa wangeachwa iwapo Makanisa yangenyamaza. Askofu Mkuu Johannes de Jong wa Utrecht na maaskofu wenzake hawakukubali bei hiyo. Dominika ya tarehe 26 Julai 1942 barua yao ya kichungaji ikasomwa katika makanisa yote Katoliki. Juma moja baadaye, Dominika ya tarehe 2 Agosti, kisasi kilifika: Wakatoliki wenye asili ya Kiyahudi walikamatwa, na kati yao Edith na Rosa. Inasimuliwa kwamba alimshika dada yake mkono na kumwambia waende kwa ajili ya watu wao.

Je, maaskofu walikosea kusema? Swali hilo ni zito, nami silimalizi hapa. Ninachoona ni kwamba wale waliosema hawakujua nani atalipa, na aliyelipa alikuwa ndiye aliyeomba, miaka 9 kabla, kwamba Kanisa liseme.

Katika kambi ya Westerbork walionusurika walimkumbuka mtawa mmoja mtulivu. Akina mama wengi walikuwa wamepigwa na butwaa la huzuni hadi wakasahau watoto wao. Yeye aliwaosha watoto hao, akawachana nywele, akawatafutia chakula. Tarehe 7 Agosti treni iliondoka kuelekea mashariki. Tarehe 9 Agosti 1942, kule Auschwitz-Birkenau, Edith na Rosa waliuawa kwa gesi pamoja na wengine waliosafiri nao.

Urithi wake, na msiba wetu

Papa Yohane Paulo II, ambaye naye alikuwa mwanafalsafa aliyelelewa katika njia ile ile ya fenomenolojia, na ambaye alikanyaga ardhi yetu mwezi Septemba 1990, alimtangaza Edith kuwa mwenye heri mjini Köln mwaka 1987, na mtakatifu tarehe 11 Oktoba 1998. Mwaka uliofuata alimfanya mmoja wa wasimamizi wa Ulaya. Wayahudi wengi waliumizwa na tendo hilo, wakisema kwamba aliuawa kwa kuwa Myahudi, wala si kwa kuwa Mkatoliki. Tusiwapuuze. Alikufa kama binti wa Israeli, na hakulikana taifa lake hata siku moja. Kanisa linamwita mfiadini kwa sababu kukamatwa kwake kulikuwa pia kisasi dhidi ya sauti ya maaskofu. Mambo hayo mawili yanakaa pamoja ndani ya mtu mmoja.

Nami nimalizie na lile lililonifanya niandike. Tarehe 3 Desemba 2023, Dominika ya kwanza ya Majilio, asubuhi na mapema, sehemu ya Mlima Hanang iliyokuwa imelowa mvua ilimeguka. Tope, mawe na magogo vilishuka hadi Katesh na vijiji vya jirani. Zaidi ya watu 80 walipoteza maisha. Sisi tunaoishi chini ya mlima ule ule tulishuka kwenda kuwapa pole ndugu zetu. Nilikaa na mama mmoja aliyepoteza watoto, nikamwambia kwamba najua anavyoumia, kwa kuwa mimi nami nimemzika mama yangu. Hakunijibu. Aligeuza uso wake pembeni. Nilikuwa nimejifanya kipimo.

Alikuja bibi mmoja wa jumuiya yake. Hakusema lolote zaidi ya pole. Alikaa chini kando yake, akatazama upande ule aliokuwa anatazama, mahali ilipokuwa nyumba. Baada ya muda mrefu aliinuka, akamchukua mtoto wa jirani aliyejaa matope, akaenda kumwosha. Usiku ule nilikumbuka Westerbork, na ile tasnifu ya mwaka 1916 niliyowahi kuisoma ili nifaulu mtihani.

Wapendwa, methali yetu inabaki kweli: uchungu wa mwana aujuaye ni mzazi. Edith Stein hakuja kuifuta. Alitufundisha kwamba hata hivyo twaweza kusogea karibu, kutazama pamoja na mwenye uchungu, kukubali kwamba uchungu ni wake, kisha kuosha watoto. Chuki ya makabila, ambayo Rwanda ya mwaka 1994 ilituonyesha inaweza kufika wapi, huanza pale mtu anapoacha kuuona uso wa jirani yake. Basi tarehe 9 Agosti ijayo, tukitoka kwenye maonyesho na magunia yetu yakiwa ghalani, tuadhimishe Misa kwa nia ya wafiwa wote wa Hanang, na kila jumuiya ichague nyumba moja yenye msiba wa zamani uliokwisha kusahauliwa, iende, ikae.

Mtakatifu Teresa Benedikta wa Msalaba, utuombee.